Nywele za Hija

Juzi niliingia kwenye lifti nikakuta harufu ya dawa ya kuchua imechanganyika na mafuta ya mgando. Mwenye harufu alikuwa mama mmoja wa Kihindi, amevaa raba mpya nyeupe chini ya sari, anarudi kutoka matembezi yake ya asubuhi. Aliponiona namtazama miguuni akacheka kwa haya, akaniambia daktari kamlazimisha. Nikapitiliza ghorofa yangu, nikashuka kwenye yake, nikasimama kwenye korido ya watu kama mwizi, navuta pumzi. Kwetu hiyo ilikuwa harufu ya hija.

Nikisema hija, wenzangu wa Al Baraha na Rashidiya hapa Dubai watafikiria Makka. Yetu ilikuwa ya Namugongo, kule Uganda ambako Wakatoliki wa Afrika Mashariki huenda kila mwaka kuwakumbuka mashahidi wa dini, wengine kwa mabasi, wengine kwa miguu kutoka mbali. Kwetu Kagera wanaokwenda kwa miguu hawakosekani. Nilipokuwa mchanga niliugua mapafu, mama akakesha kando ya kitanda changu hospitalini Bukoba, akaweka nadhiri: huyu akipona, nitakwenda Namugongo kwa miguu yangu. Nilipona. Kisha mama akamfuata baba Dubai, mimi mgongoni, na nadhiri ikabaki inamngoja. Ahadi ni deni, na deni la Mungu halimpi mtu usingizi. Kila nilipokohoa, mama alinitazama kwa jicho la mtu aliyekumbushwa jambo.

Nitalisema mapema lile nililokuja kulijua mwisho, maana sipendi kuwazungusha watu. Katika safari ile ya kutimiza nadhiri, mama alikuwa amepanga kunipeleka na kuniacha. Tulikuwa tunaishi Al Mankhool, familia nzima kwenye chumba kimoja ndani ya fleti ya watu wengi. Baba alikuwa mtunza ghala Jebel Ali, anaondoka sijaamka na kurudi nimeshalala. Mama alikuwa dobi wa hoteli, na hoteli ilikuwa imemhamishia zamu ya mchana hadi usiku. Nikitoka shule nilijifungia chumbani peke yangu, nimekatazwa kufungua mlango na kugusa jiko. Jirani mmoja alikuwa ameanza kuulizia habari hiyo kwa sauti. Ninyi wa rika langu mliolelewa huku mnajua mambo haya yanavyoisha. Unafika darasani, kiti cha mwenzako kiko wazi, mwalimu anasema amepelekwa nyumbani kwao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuulizwa.

Mimi sikushuku kitu. Nilikuwa darasa la tatu, mdadisi kupita kiasi, na niliona jambo moja tu: watu wazima wameanza kutembea ovyo, na mimi nimeruhusiwa kuwafuata.

Walikuwa watatu. Mama, rafiki yake Anti Nakato, Mganda aliyekuwa yaya kwenye nyumba moja ya Jumeirah, na Bi Zuhura wa Al Baraha. Nakato alikuwa na kioja chake. Kwao ni jirani kabisa na Namugongo, unasikia kengele ya kanisa ukiwa jikoni, lakini alikuwa amekataa katakata kwenda hija kutokea kwao. "Mimi nikitoka nyumbani kwetu, nafika mbele ya chakula kuiva," alisema. "Hiyo iko hija gani? Mungu atacheka mimi." Kwa hiyo alitaka aje kwanza Kagera, atembee na mama kutokea huko, avuke mpaka, arudi kwao kwa miguu. Madam wake alipoelezwa alikuna kichwa, mwisho akasema yalla, nenda, lakini urudi.

Bi Zuhura hakuwa Mkristo wala hakuwa na nia ya kwenda popote. Aliletwa Dubai kutoka Unguja akiwa kigori, akaolewa huku, akafiwa na mume huku, watoto wake wakahamia Rashidiya naye akagoma kuiacha fleti yake ya Al Baraha. Ijumaa alikuwa anapika vitumbua na mbaazi za nazi, watu wanaagiza kwa simu, na ndivyo alivyojuana na mama. Daktari alimwambia sukari yake haitashuka kama hatembei. Aliposikia kuna wanawake wanafanya mazoezi ya kutembea, akaja na mwavuli wake. Na kwa kuwa aliwahi kuhiji, akajitangaza mwalimu.

"Namugongo siijui miye," alisema siku ya kwanza. "Lakini miguu naijua. Mguu wa hija ni mguu wa hija."

Jua la Dubai lilikuwa limeshaanza ukali wake, kwa hiyo mazoezi yalifanyika ndani ya mall, asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, nami nikiwafuata siku zisizo za shule. Sakafu ilikuwa inang'aa, taa nusu zimezimwa, baridi ya viyoyozi inauma masikio. Mama na Nakato walibeba mifuko ya mchele mgongoni ili wazoee uzito. Na ili wasichoshwe na kuzunguka, walizipa kona za mall majina ya njia ya kweli. Duka la simu lilikuwa Mutukula, mpakani. Duka la viatu lilikuwa Masaka. Ngazi za umeme zilikuwa kilima ambacho Nakato alikiapia kuwa kimewaua watu, na juu kabisa, mbele ya sinema, palikuwa Namugongo penyewe. "Leo tumelala Masaka," mama angemwambia baba kwa simu, na baba angeuliza kama Masaka kuna nafuu ya bei.

Mimi niliyaamini yote. Nilimuuliza Nakato kama kule Masaka wanaruhusu watu kujaribu viatu bila kununua. Nilimuuliza mashahidi wanakaa ghorofa ya ngapi. Alicheka mpaka akaketi sakafuni, na askari wa mall, kijana wa Kikenya, akatusogelea.

"Aki nyinyi wamama," alisema, "kila siku ni kuzunguka tu na hamnunui kitu. Mnatafuta nini kwani?"

"Uganda," mama akamjibu, akapita.

Bi Zuhura alifundisha kwa amri. Kiatu cha safari kizidi mguu, maana mguu ukitembea unavimba. Mafuta ya mgando upake katikati ya vidole usiku, asubuhi upake tena. Goti likiuma, chua kabla halijalalamika. Mzigo ukishaufunga, ufungue utoe nusu, kisha ufikirie nusu iliyobaki. Mwenda pole hajikwai, na mwenye haraka abaki nyumbani. Nilimpenda kwa kuwa hakuwahi kuniambia nimezidi maswali. Nilimuuliza jiwe jeusi la Makka lina joto au baridi, watu wote wale wanajisaidia wapi, na kwa nini mahujaji hunyoa nywele.

"Ili mja aanze upya," aliniambia. "Nywele pambo, mwanangu. Mola wako huendi kwake kujionyesha."

Jibu hilo lilinikaa. Na kuanzia hapo nikaanza kuziona dalili za hija kila mahali nyumbani kwetu.

Mama aliniletea viatu vyeusi vya ngozi vilivyonizidi mno, vidole vyangu vinaogelea ndani. Nikajua, ni kwa ajili ya mguu kuvimba. Kitanda changu cha kukunja alikichukua jirani Mfilipino, nikahamia godoro la mama. Nikajua, ni kupunguza mzigo. Mwalimu alipotuma habari za sare mpya za mwaka unaofuata, mama aliikunja ile karatasi akaiweka chini ya sahani, hakununua. Nikajua tena: hujaji hajipambi. Nikaona nimsaidie. Nilimpa mtoto wa jirani viatu vyangu vya magurudumu, nikampa na doli langu lenye nywele za dhahabu, nikaja kujisifu. "Mama, na mimi nimetoa nusu!" Mama alikaa juu ya godoro akafunika uso kwa kanga. Nilifikiri analilia doli, maana ndiye aliyelinunua.

Alianza pia kunifundisha kufua nguo zangu kwa mikono, kwenye beseni, yeye anayefua mashuka ya watu kwa mashine kubwa kuliko chumba chetu. Nilisugua kola mpaka vidole vikajikunja. Nilimuuliza kama njiani hakuna mashine, akasema hakuna. Basi nikafua kwa furaha, nikiimba.

Kisha siku moja akachukua mashine ya baba ya kunyolea, akaniketisha kwenye kigoda bafuni. Nilikuwa na nywele nyingi, mama alikuwa akizisuka kila Ijumaa na kujivunia.

"Zote?" nilimuuliza.

"Zote."

"Ni za hija?"

Mashine ilikuwa inanguruma. Aliizima, akaiwasha tena. "Ndiyo," alisema. "Za hija."

Nilitulia kama kondoo. Nywele zilianguka mapajani na mabegani, baridi ikanipapasa kichwa ambacho sikuwahi kukijua umbo lake, na nikajiona nimekuwa mtu muhimu. Mama alizizoa nywele moja moja, akazitia kwenye mfuko, hakuzitupa. Shuleni walinicheka. Niliwaambia mimi nimeanza upya, wao wangoje zamu yao. Wanaotoka Tanzania mmeshanielewa: mtoto wa kike anayeandaliwa kuingia shule ya msingi kwetu hukatwa nywele hivyohivyo, na viatu vyeusi vya ngozi ndivyo vinavyotakiwa. Mimi sikuwahi kuiona shule ya kwetu hata kwa nje. Nilichojua cha kunyoa nilikisikia kwa Bi Zuhura.

Yalipobaki majuma machache, wakaamua kufanya zoezi kubwa la nje, kutoka Mankhool hadi Al Baraha kwa Bi Zuhura, Ijumaa, tuondoke taa za barabarani hazijazimwa. Bi Zuhura mwenyewe alisema sukari imempanda, atatungoja na chai. Tukaondoka watatu, mimi na kofia yangu. Dubai ya saa ile ni ya wafagiaji na paka. Tulipita nyuma ya hoteli ya mama, kwenye mlango wa mizigo ambako mvuke wa dobi ulikuwa unatoka ukutani ukinukia sabuni, naye akapunga mkono kwa mtu ambaye mimi sikumwona. Tulipita soko la nguo, milango ya chuma imeshushwa, kote harufu ya ubani wa jana.

Kuna njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya Khor, ule mkono wa bahari unaoigawa Dubai. Nakato alifika kwenye ngazi zake akaganda.

"Maji iko juu?"

"Iko juu," mama akasema.

"Na meli?"

"Na meli."

"Banange! Mimi natembea chini ya meli, niko samaki?" Akatoa rozari.

Mimi nilishuka mbio. Kulikuwa na vigae ukutani na taa nyeupe, na ukimya ambao nilikuwa sijawahi kuusikia. Niliweka sikio ukutani nikitafuta bahari. Nilitaka kujua kama samaki wanasikia nyayo zetu. Nikageuka kumuuliza mama, nikamkuta amesimama katikati ya njia ananitazama, haulizi, haniambii nijihadhari, ananitazama tu. Nilidhani anaogopa maji kama Nakato. Nikamshika mkono nikamwambia ukuta ni mnene.

Al Baraha tulifika jua limeshatoka, Nakato anachechemea. Bi Zuhura alikuwa ametandika mkeka, vitumbua vinatoa moshi, chai ya maziwa yenye iliki kwetu, ya kwake bila sukari. Nilimwamkia, "Shikamoo Bi Zuhura," akanijibu marahaba huku ananivua kofia ili nile nikiwa huru. Mkono wake ukabaki hewani.

"Nani kamnyoa mtoto hivi?"

"Ni za hija," nikamwambia kwa fahari.

"Hija ipi hiyo ya kumnyoa mtoto wa kike kipara? Sisi wanawake twapunguza ncha tu, pingili ya kidole." Akamgeukia mama. Mama alikuwa anakunywa chai, na aliendelea kunywa muda mrefu kuliko chai iliyokuwamo kikombeni. Nakato akaangalia dirishani. Bi Zuhura akanitazama miguuni, vile viatu, halafu akanitilia maziwa mengine bila kusema kitu. Kwa mtu wa maneno kama yeye, lilikuwa jambo la ajabu, na mimi nililiona.

Baadaye, tunanawa mikono, akasema kama aliyekumbuka ghafla: "Mama Koku, weye umeshaomba radhi?"

Mama hakuelewa. Bi Zuhura akamweleza. Alisema kwao mtu hatoki kwenda hija mpaka awazungukie watu wake, mume, jirani, mtumishi, mdai na mdaiwa. Anawaambia: kama nimekukosea, niwie radhi. Maana njia ina mambo, huenda usirudi. "Na ambaye hakukuwia radhi, humwachi nyuma ukenda zako. Ama ubaki umalizane naye, ama ufuatane naye."

"Hata mtoto?" mama akauliza.

"Mtoto ndo wa kwanza. Na umtajie kosa lenyewe. Radhi ya mtu asiyejua anasamehe nini si radhi hiyo, salamu tu."

Sisi hatukuwa na mila hiyo. Kwetu mtu huungama kwa padri, yakaisha. Lakini mama aliishika. Sijui kwa nini, na nimejiuliza sana. Labda nadhiri ikishachelewa hivyo, mtu anataka asikose hata kanuni ya dini ya jirani. Wiki iliyofuata nilimwona akigonga milango ya fleti yetu mmoja baada ya mwingine. Mfilipino alimkumbatia. Msimamizi wa dobi, alituhadithia, alishtuka akamuuliza kama anaacha kazi. Baba aliombwa siku yake ya mapumziko, anakula. "Nimekuwia radhi," alisema, "hata na ile suruali uliyoiunguza." Kisha akaacha kula. Wakatazamana, na mimi nikatolewa nje nikanunue mkate ambao ulikuwepo.

Zamu yangu ilifika mwisho kabisa, mabegi yameshafungwa. Mama alikaa pembeni ya godoro.

"Koku, kama nimekukosea, au nitakukosea, niwie radhi."

"Utanikosea nini?"

"Mambo ya wakubwa."

Niliikumbuka kanuni ya kutaja kosa. Nakiri nilitaka kumkumbusha. Lakini nilikuwa na hamu kubwa ya kulitamka lile jibu ambalo Bi Zuhura alinifundisha, lilikuwa zuri mdomoni. "Nimekuwia radhi duniani na akhera," nikasema. Mama akanikumbatia, akanibana, hakuniachia. Nami nilikuwa nimebanwa na haja ndogo, nikawa nahesabu maua ya pazia nisiaibike.

Kagera ilinishangaza kwa kijani. Sikujua kama ardhi inaweza kuwa na unyevu hivyo bila mtu kuimwagilia. Bibi, mama yake mama, aliishi karibu na Kyaka, na tulipofika alinishika kichwa akasema, "Ah, ameshakuwa tayari," nami nikamwambia ndiyo, niko tayari kabisa. Nilikuwa nimeahidiwa kuwasindikiza mahujaji kipande cha kwanza cha njia, hadi Bunazi. Hapo bibi angekuja kwa pikipiki kunichukua. Nilielewa kwamba nitamngoja mama kwa bibi, kisha turudi Dubai. Hakuna aliyeniambia hivyo. Hakuna aliyeniambia vingine.

Tuliondoka kanisani na ukungu. Walikuwepo wazee, vijana, mama mmoja aliyebeba mtoto na sufuria. Waliimba, wakasali, wakanyamaza, wakaimba tena. Tukavuka daraja la mto Kagera, maji mazito ya rangi ya chai yanapita chini na siyo juu, na Nakato akasema hapo sasa yuko mutu. Barabara hii haikuwa na viyoyozi wala sakafu ya kung'aa. Ilikuwa na migomba, mbuzi, watoto waliotukimbilia na kuniuliza kwa nini nazungumza hivyo. Viatu vyangu vipya vilipiga kelele kwenye lami. Nilimuuliza mama duka la simu liko wapi, naye kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Dubai akacheka.

Bunazi tukapumzika uani kwa kanisa. Bibi alikuwa ameshafika, amekaa kivulini na dereva wa pikipiki. Mama hakwenda kwake. Alinivuta nyuma ya ukuta, akapiga magoti mbele yangu na raba zake zenye vumbi.

"Koku. Ile radhi uliyonipa, nakurudishia."

Nilimwambia haiwezekani, nimeshaitoa.

"Niliichukua kwa hila. Sikukutajia kosa." Alikuwa anahema. "Kosa ni hili. Nimekuleta kukuacha. Utakaa kwa bibi, usome hapa. Kule unajifungia peke yako hadi usiku, na mimi naogopa, nikiwa kazini siwezi hata kukunja shuka moja bila kufikiria moto. Nywele zile zilikuwa za shule. Sasa nakuomba upya, ukiwa unajua. Unaniwia radhi?"

Niligusa kichwa changu. Vitu vyote vilijigeuza kwa mkupuo: viatu, beseni, kitanda, sare. Nilikuwa nimejiona hujaji kumbe nilikuwa mzigo, ile nusu inayotolewa. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika, na nilikuwa na uchungu ambao mpaka leo ukinijia unanikuta mdogo.

"Hapana," nikasema.

Bibi alikuwa amesogea na alisikia. "Tangu lini mtoto akaulizwa?" alisema. "Panda pikipiki, mjukuu wangu."

"Mutoto amesema hapana," Nakato akasema taratibu, anatazama chini.

Mama alibaki magotini. Angeweza kuninyanyua akanipakia, watu wazima ndivyo wanavyofanya, na dunia nzima ingemwunga mkono. Alitoa simu akampigia baba. Nilisikia sauti za ghala nyuma yake, magari ya kubebea mizigo yanalia.

"Koku amekataa kuniwia radhi."

"Radhi gani?"

"Siwezi kuendelea na safari nikimwacha nyuma mtu ambaye hajaniwia radhi."

"Mama Koku, sisi ni Wakatoliki."

"Najua."

Kelele za ghala zikapungua, baba amesogea pembeni. "Mchana atakaa na nani?"

"Nitamwomba Bi Zuhura."

"Ulisema mzigo huo huwezi kumtwisha mtu."

"Nilisema."

"Haya," baba akasema. "Rudi naye."

Bi Zuhura alipoombwa alimgombeza mama mpaka majirani wakatoka. "Nangojea uniambie tangu siku ile nlomvua kofia!" alimwambia. "Mtu mzima weye, waomba radhi nyumba nzima, msaada waona haya kuuomba!" Kuanzia hapo basi la shule likawa linanishusha Al Baraha. Nilikulia kwenye mkeka ule, nikiuliza maswali na kupindua vitumbua, hadi mwaka tuliomzika. Alikufa akiwa amekwisha kuniambia kwamba kweli alifahamu, na kwamba yale ya kumtajia mtoto kosa aliyasema kwa makusudi. Nilipomuuliza kama ni sheria ya dini au aliitunga palepale, alisema nile, chai inapoa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale Bunazi mahujaji walikuwa wameshaanza kusimama na kujifunga mizigo. Bibi alimlipa dereva wa pikipiki nauli iliyokwenda bure, akanitazama kwa hasira, kisha akanifunga kichwani kitambaa chake mwenyewe kwa sababu ya jua. Mama akajipangusa uso, akanyanyuka.

"Haya, twende Uganda," aliniambia. "Ila sitaki kusikia umechoka."

Nilichoka kabla hatujauona mpaka. Sikusema.